Maisha ya Watu wa Ufipa ya Kale katika Vitabu vya Wataalamu

Mwalimu atakaye kuwasomesha watoto wa Ufipa habari za nchi yao hana tena ukosefu wa vitabu kama waliokuwa nao walimu waliotutangulia. Askofu Adolphe Lechaptois wa Mapadre Weupe alitoa kitabu chake kwa Kifaransa mwaka 1913, nacho chaitwa "Aux rives du Tanganika". Roy Willis, mtaalamu wa desturi za watu kutoka Uingereza, ambaye alikaa Ufipa katika miaka ya 1960, alitoa "A State in the Making" mwaka 1981. Kathleen Smythe wa Marekani alitoa "Fipa Families" mwaka 2006. Waandishi hawa watatu ni watu wa elimu na uvumilivu, nasi tuna deni kwao. Nia yetu katika kurasa hizi si kuzibomoa kazi zao, bali kuzipima kwa kipimo kimoja: je, mtu akizisoma atajua jinsi kila namna ya watu ilivyoipitisha siku yake, tangu jogoo la kwanza hata moto wa jioni? Na kama hatajua, ni nani aliyeachwa nje ya mlango?

Kipimo hiki tulikipata darasani. Tulikuwa tukisomesha habari za wafalme wa Nkansi na Lyangalile, na mtoto mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, na sisi tulikuwa akina nani?" Tukamjibu, "Ninyi mlikuwa Wafipa." Akakaa kwa adabu, lakini tuliona usoni pake kwamba jibu halikumshibisha. Baadaye tulitambua ya kuwa nyumbani kwao mama mmoja wa zamani hutajwa kwa jina lake tu, bila ukoo wala kijiji alikotoka, na wazee wakifika kwake hushusha sauti. Basi swali la mtoto lilikuwa zito kuliko tulivyodhani, na vitabu vyetu havikuwa na jibu jepesi la kumpa.

Kabla ya kuingia Ufipa, na tutazame mbali kidogo, maana shida hii si yetu peke yetu. Vitabu vya kale vya Uchina viliwagawa watu katika mafungu manne: kwanza wasomi, pili wakulima, tatu mafundi, nne wafanya biashara. Mgawanyo huu ulisifiwa kwa karne nyingi, na mgeni akiusoma aweza kudhani ya kuwa mkulima wa Uchina aliishi maisha ya heshima kumpita mfanya biashara. Lakini katika karne ya 2 kabla ya Kristo mtumishi mmoja wa serikali, Chao Cuo, alimwandikia mfalme wake waraka akamwonyesha kwamba sheria yawadharau wafanya biashara, nao ni matajiri. Yawaheshimu wakulima, nao ni maskini. Alieleza jinsi nyumba ya watu watano ilivyotoa wawili au zaidi kwa kazi za serikali, jinsi walivyolima masika, wakapalilia kiangazi, wakavuna, wakakata kuni, wasipate siku ya kupumzika mwaka mzima, na mwisho wakauza shamba na watoto ili walipe deni. Twajifunza mambo mawili. La kwanza, mafungu hayo yalipangwa na wasomi, nao wakajiweka mbele. La pili, watumwa na vijakazi hawakupewa fungu lolote. Kila mpango wa watu wa kale yafaa uulizwe: ni nani aliyeuchora, na ni nani hakuhesabiwa?

Sasa turudi kwetu. Ufipa haukuwa na maandishi, lakini ulikuwa na habari iliyofanya kazi ya maandishi, nayo ni habari ya Milansi na Watwa. Wazee husimulia ya kuwa mfalme wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na uzao wake ukatawala Milansi, chini ya mlima Itweelele. Siku moja mfalme wa Milansi alikuwa mawindoni, wakatokea wanawake watatu wageni, Watwa. Mwenyeji aliyebaki nyumbani akashindwa kuwazuia wasikikalie kiti cha enzi. Mfalme aliporudi alikuta nchi imekwisha kupata wenyewe wengine. Hakupigana, Milansi ikabaki na ukubwa wa heshima juu ya ardhi ndogo, na Watwa wakachukua utawala wa nchi. Kisha ufalme wa Watwa wenyewe ukagawanyika, ukawa Nkansi na Lyangalile. (Msomaji asiwachanganye Watwa hawa na Watwa wa misituni wa Rwanda na Kongo, ni jina moja, watu mbali mbali.)

Willis aliichambua habari hii kwa ufundi mkubwa, kwanza katika makala ya mwaka 1967, kisha katika kitabu chake. Alionyesha kwamba Wafipa waliifikiri nchi yao kama mwili: Milansi ni kichwa, penye ukubwa na utulivu; Watwa ni kiuno, penye nguvu, mwendo na uzazi. Hatujasoma maelezo mengine ya habari hiyo yaliyo mazuri kuliko hayo. Walakini neno la ukosoaji lapasa kusemwa. Habari ya Milansi ni habari ya nyumba mbili zilizogombea kiti kimoja. Kichwa na kiuno vimetajwa. Mikono na miguu haikutajwa. Mtu aliyelima chakula cha nyumba hizo mbili yumo katika habari hiyo kama ardhi inavyokuwamo, yaani ya kukanyagwa na kugawanywa. Willis hakuwasahau wakulima na mafundi, aliandika juu ya mashamba, chuma na nguo. Lakini mara nyingi aliwaita waje kueleza jinsi dola ilivyosimama, wala hakuwaacha wakae na kueleza siku yao wenyewe. Mizani ya kitabu imeelemea upande wa kiti.

Tumtazame basi mkulima. Nyanda za juu za Ufipa zina majani mengi na miti michache, na udongo wake si mnono. Mahali pengine penye udongo kama huu watu hulima miaka michache, kisha huhama. Mfipa hakuhama, kwa sababu ya tuta lake, intumba. Alikata na kulaza majani, akayafunika kwa udongo uliopinduliwa kwa jembe, akafanya vilima vya mviringo vilivyojaa shamba zima, na majani yakaoza ndani yake yakawa mbolea. Tuta lililokwisha kuoza lilitawanywa, na ulezi ukapandwa juu yake. Mtu aliyeshika jembe ajua maana ya kazi hii: mgongo umeinama tangu umande hata jua kali, tuta moja baada ya jingine, na mvua ikinyesha. Lakini malipo yake yalikuwa makubwa. Kijiji kiliweza kukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kaburi la babu likawa karibu na shamba la mjukuu, na jirani akawa jirani wa maisha. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwasifu Wafipa kuwa ni wakulima hasa, watu wa amani, kuliko wengi aliowaona njiani.

Amani hiyo ya Wafipa imekuwa na sifa katika vitabu. Willis mwenyewe aliiandikia makala mwaka 1989, akiiita fumbo, akalifumbua kwa kueleza tabia ya Wafipa ya kupenda kushirikiana, kubadilishana na kuzungumza. Nasi twakubali. Ila twaona kwamba fumbo lingefumbuka vizuri zaidi kama angeanzia kwenye tuta. Mtu aliyeweka kazi ya miezi mingi katika ardhi yake ana sababu kubwa ya kupatana na jirani, maana vita vikija hawezi kulibeba shamba akakimbia nalo. Tabia njema husifiwa, lakini chini ya tabia hiyo palikuwa na jasho, na sehemu kubwa ya jasho hilo ilikuwa ya wanawake.

Twende kwa mafundi wa chuma. Hata leo katika Ufipa yasimama mabaki ya matanuru marefu ya udongo, malungu, na moja huitwa ilungu. Urefu wake hukaribia mita 3. Halikuhitaji mivuo; upepo uliingia wenyewe kwa mirija ya udongo iliyopangwa chini, moto ukawaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka hakikufaa bado; kilipelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, penye mivuo, kikasafishwa, ndipo mhunzi akafua jembe, shoka na mkuki. Mabwana wa serikali ya Kiingereza, Greig mwaka 1937 na Wise mwaka 1958, waliandika juu ya kazi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records, baada ya kuwaomba wazee waifanye tena mbele yao, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuachwa, vyuma vya Ulaya vikiuzwa kwa bei nafuu madukani. Katika miaka ya 1990 Mtanzania mwenzetu, Bertram Mapunda, alichimba na kupima mabaki hayo katika Nkansi, akaonyesha kwamba malungu hayakuwa njia pekee. Palikuwa na njia nyingine za kuyeyusha chuma, na historia yake ni ndefu kuliko habari ya wafalme inavyodokeza.

Siku ya myeyushaji ilikuwaje? Wakati wa kazi ulipofika, wanaume walitoka kijijini wakakaa porini karibu na tanuru. Walichimba mawe ya chuma, wakakata miti, wakachoma makaa, wakafinyanga mirija. Tanuru lilipokwisha kujengwa lilipambwa na kuitwa bibi arusi, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka kazi imalizike. Mkuu wao alikuwa na kapu la dawa, naye alijua nyimbo na miiko. Randi Barndon wa Norwei, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameeleza mambo haya kwa upana, akionyesha jinsi kuzaa kwa mama na kuzaa kwa tanuru kulivyofikiriwa pamoja.

Hapa twaona jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Vitabu vyatuambia ya kuwa heshima ya Milansi iliambatana na chuma. Ni kweli. Lakini fundi mwenyewe, aliyelala porini na macho mekundu kwa moshi, hakuwa tabaka la peke yake kama fungu la tatu la Wachina. Alikuwa mkulima. Mvua zilipokuja alirudi kwenye tuta lake kama jirani yake, na mtoto wake hakulazimika kuwa fundi. Vivyo hivyo mfumaji wa nguo. Pamba ililimwa katika nchi za chini zenye joto, bondeni Rukwa na pwani ya Tanganyika, na wanaume walifuma katika mitambo iliyolazwa chini, vidole vikipitisha uzi mmoja mmoja siku nyingi mpaka nguo moja ikamilike. Naye mfumaji alikuwa na shamba. Mtu mmoja, kabla mwaka haujaisha, aliweza kuwa mkulima, mchoma makaa, mfumaji, na mchukuzi wa majembe ya kubadilishana na watu wa bondeni kwa chumvi na samaki.

Basi mwalimu akichora ubaoni ngazi ya Ufipa ya kale, mfalme juu, mafundi chini yake, wakulima chini zaidi, amechora Uchina wala si Ufipa. Kazi ya mikono haikuwa ndiyo iliyowatenga watu. Mfalme wa Kitwa na watu wa nyumba yake walitengwa na wengine kwa haki ya kupokea mazao na kazi za raia. Hilo vitabu vimelieleza. Lakini kati ya raia wenyewe, mpaka mkubwa ulikuwa mwingine: kati ya mtu mwenye ukoo na mtu asiye na ukoo. Hili ndilo neno letu kuu, na ndilo tunalolikosa katika vitabu tunavyovisifu.

Kabla ya kulithibitisha, tuseme neno juu ya wanawake na watoto, maana njia ya kulifikia yapitia kwao. Kathleen Smythe amefanya kazi ambayo Lechaptois na Willis hawakuifanya: aliingia ndani ya nyumba. Kwa masimulizi ya wazee wa Nkansi ameonyesha kwamba mtoto wa Kifipa hakulelewa na baba na mama peke yao. Alipokua kidogo aliacha kulala katika nyumba ya wazazi. Alikwenda kwa bibi, au kulala pamoja na watoto wenzake katika nyumba yao, na huko akajifunza hadithi, mafumbo, kazi na adabu. Kwa hiyo, asema Smythe, wamisionari walipowachukua watoto kwenye shule za bweni, wazazi hawakuliona kuwa jambo geni kabisa. Walijua ya kuwa mtoto hulelewa na wengi. Kila mwalimu wa misioni yafaa aisome sura hiyo. Itamponya na ile dhana kwamba elimu ya Ufipa ilianza siku kengele ya kwanza ilipopigwa.

Hata hivyo twamkosoa Smythe kidogo. Katika kitabu chake neno "familia" laonekana kama nyumba yenye milango iliyo sawa kwa wote. Bibi alimlea mjukuu, vema. Lakini je, mtoto asiye na bibi alilala wapi? Mke ambaye hakuna kaka aliyepokea majembe ya mahari yake, akipigwa alikimbilia kwa nani? Mjane asiye na kwao alirithiwa na nani, na kwa hiari ya nani? Mwenye ukoo, hata akiwa maskini, alikuwa na mahali pa kukimbilia. Asiye na ukoo hakuwa napo, ingawa alilima tuta lile lile, akala ugali wa ulezi ule ule, akavaa nguo ile ile.

Watu hawa walitoka wapi? Karne ya 19 ilikuwa karne ya misukosuko katika nchi hii tunayoiita ya amani. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa, na Zwangendaba mwenyewe alifia huko. Baada yao misafara ya Waarabu na Waswahili ilizidi kupita, ikinunua pembe na watu. Njaa, madeni, kesi na utekaji viliwaondoa watoto na wanawake kwao, wakaishia katika nyumba za watu wengine. Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993 juu ya watumwa na wanawake wa nchi zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika, amekusanya masimulizi ya wanawake wa namna hii. Baadhi yao yaliandikwa na Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Moravian huko Usafwa. Humo yumo Narwimba, mjane aliyeomba kuolewa ndani ya nyumba ya marehemu mumewe ili asikose ulinzi, wala hilo halikumwondolea mateso. Yumo na Meli, aliyetekwa akiwa mtoto, akapita mikono mingi, akafika misioni ya Kawimbe, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini. Hawa si Wafipa, lakini ni jirani, na njia walizopitishwa zilipakana na nchi yetu.

Ukiwasoma wanawake hawa baada ya kusoma fumbo la amani la Willis, amani yenyewe yabadilika sura. Haiwi uongo. Mgeni kama Thomson aliona kweli vijiji vilivyotulia. Lakini hakuweza kuona, kwa kupita njiani, kwamba miongoni mwa wanawake walioinama juu ya matuta yumkini alikuwamo mmoja aliyeitwa mke, naye hakuolewa kwa mahari. Lugha yenyewe ilimficha. Kiswahili chasema "mtumwa", yaani aliyetumwa, na chasema "mateka", yaani aliyetekwa. Ni maneno yanayotoa siri. Lakini mateka akikaa nyumbani miaka mingi akazaa, huitwa mke, mama, kisha bibi. Hakuna neno lililobaki la kumshuhudia. Mtaalamu akija na daftari akahesabu wake, waume na watoto, amhesabu pamoja na wengine, wala hajui ya kuwa amepita juu ya kaburi.

Yatupasa pia kuihukumu nyumba yetu wenyewe. Karema, ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1879 na kuwaachia Mapadre Weupe mwaka 1885, ilikusanya watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanya biashara. Kumkomboa mtoto ni tendo jema, wala hatulipunguzi. Lakini mtoto huyo naye alikuwa mtu asiye na ukoo, na misioni ikawa ukoo wake: ndiyo iliyomlisha, ikamsomesha, ikamwoza, ikampa shamba, na kengele yake ndiyo iliyogawa siku yake kati ya sala, jembe na darasa. Habari zake nyingi twazisoma kwa kalamu ya aliyemkomboa. Ndiyo maana maneno machache aliyoyaandika Adrien Atiman juu ya maisha yake, yaliyotolewa katika Tanganyika Notes and Records mwaka 1946, yana thamani kubwa. Aliibwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akanunuliwa na mapadre, akasomeshwa uganga Malta, akafika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, akawatibu watu wa huko hata alipokufa mwaka 1956. Katika habari yake aliyeuzwa ndiye asemaye. Ni nani mwingine aliyepewa karatasi?

Serikali ya Kiingereza iliondoa utumwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922. Utawala wa machifu ulikomeshwa mwaka 1963. Katika miaka ya 1970 watu walihamishwa kuingia vijiji vipya, na mahame mengi ya kale yakaachwa kwa majani. Kwa hiyo mtu aweza kusema: mambo hayo yamekwisha, mbona mwayafukua? Twajibu kwamba hayajakwisha mpaka wazee watakapoacha kushusha sauti. Mtoto anayesomeshwa ya kuwa Ufipa wa kale ulikuwa wafalme na amani tu, kisha nyumbani akasikia kunong'onezwa jina lisilo na ukoo, hujifunza neno moja: kwamba mama yake huyo ni aibu. Lakini aibu hiyo si yake, wala si ya mama huyo. Aliyelima tuta la watu akiwa hana pa kukimbilia, na akalea wana wakawa wazee wa kijiji, amestahili kutajwa kabla ya yule aliyekaa kitini.

Basi twawashauri walimu na mapadre wenzetu mambo haya. Kwanza, vitabu hivi visomwe, kila kimoja kwa nguvu yake: Lechaptois kwa desturi zilizoonekana mapema, Willis kwa habari za Milansi na Watwa, Smythe kwa nyumba na watoto, Mapunda na Barndon kwa chuma, Wright kwa wasio na ukoo. Asiwepo mwalimu wa kukisoma kimoja akadhani amesoma Ufipa. Pili, tusiwapange Wafipa wa kale kwa ngazi za kazi. Tuwaonyeshe watoto mwaka mzima wa mtu mmoja, na jinsi alivyobadilika kati ya jembe, tanuru na uzi. Tatu, tunapokaa na wazee tuulize habari za siku, tusiulize za wafalme peke yake: nani aliamka kwanza? Nani alichota maji? Nani alikula mwisho? Maswali haya hayamlazimishi mtu kufichua asichotaka, lakini mara nyingi humfungua kinywa kuliko kumwuliza moja kwa moja nani alikuwa mtumwa. Nne, maneno ya Kifipa ya kazi hizi yaandikwe yangali yakisemwa, kwa kuwa kazi ikifa jina lake hufa nyuma yake. Na mabaki ya malungu yaliyo karibu na shule zetu yasivunjwe. Hayo ni kitabu kilichoandikwa na watu ambao hawakuandikwa.

Yule mtoto aliyetuuliza amekwisha kutoka shuleni kwetu. Tungeulizwa leo, tungemjibu hivi: mlikuwa wakulima wa matuta, mlikuwa wachoma makaa na wafumaji, na baadhi yenu mlikuwa watu mlioletwa bila jamaa, mkafanya jamaa mpya kwa mikono yenu. Hilo laweza kusemwa kwa sauti kamili, mbele ya darasa lote.